Namna ya Kukumbuka Sura na Sauti za Watu Usiowafahamu

Mji wa Moshi huwakutanisha wakazi wake wengi na nyuso mpya kila siku. Mwongoza watalii hupokea kundi la wageni hotelini jioni, na kesho yake asubuhi anatakiwa awe anawafahamu wote katika geti la Machame la kupandia Mlima Kilimanjaro, pamoja na wapagazi walioajiriwa alfajiri ileile. Wakala wa pesa za simu aliye karibu na stendi huhudumia foleni ya watu ambao huenda asiwaone tena, isipokuwa yule mmoja atakayerudi kesho kudai kwamba hakupewa fedha yake. Mlinzi wa geti, mhudumu wa mapokezi, karani wa hospitali na mwalimu wa kidato cha kwanza nao wamo katika hali hiyo, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa namna yao.

Kabla ya kufundishana namna ya kutazama, ni lazima kwanza tukubaliane kwamba kumtambua mtu unayemfahamu na kumtambua mgeni ni kazi mbili tofauti, ingawa zote hufanywa kwa macho yaleyale. Ndugu yako utamtambua akiwa amenyoa, amekonda, amevaa miwani au amepigwa picha yenye ukungu, na wepesi huo ndio unaotudanganya tukajiona hodari wa sura kwa jumla. Mwaka 2011 watafiti nchini Uingereza, wakiongozwa na Rob Jenkins, waliwapa watu picha 40 zilizochanganywa, 20 za mwanamke mmoja na 20 za mwingine, wote wawili wakiwa mashuhuri Uholanzi lakini wasiojulikana Uingereza, kisha wakawaomba wazipange kwa mafungu, kila mtu na fungu lake. Waingereza walitoa mafungu kama saba au nane, yaani mtu mmoja alionekana kwao kuwa watu kadhaa, ilhali Waholanzi waliowafahamu wanawake hao walitoa mafungu mawili bila kusumbuka. Maana yake ni kwamba mgeni unayemwona mara moja humbebi kichwani kama mtu. Unabeba picha moja tu, ya mwanga ule, pembe ile na mtindo ule wa nywele, na picha hiyo ikibadilika kidogo unampoteza. Karibu kila ushauri unaofuata hapa unatokana na jambo hilo moja.

Namna ya kutazama

Acha desturi ya kuorodhesha viungo: pua pana, midomo mipana, uso wa duara. Njia hiyo huonekana ya kitaalamu, na kozi nyingi za ulinzi huifundisha, lakini ilipopimwa nchini Uingereza mwaka 1979 na watafiti ambao miongoni mwao alikuwamo Alan Baddeley, waliopewa mafunzo ya siku kadhaa ya kuchambua viungo vya uso hawakuwashinda wale ambao hawakupewa mafunzo yoyote. Jitihada zaidi za kuainisha umbo la uso, kwamba huu ni wa yai na ule ni wa mraba, nazo hazikuzaa matunda.

Kinachosaidia ni kuutazama uso mzima huku ukijiuliza swali linalomhusu mwenye uso huo. Gordon Bower na Martin Karlin walionyesha mwaka 1974 kwamba watu waliotakiwa kuamua kama mtu pichani ni mwaminifu au anapendeka waliikumbuka sura yake vizuri kuliko wale waliotakiwa kutaja tu kama ni mwanamume au mwanamke. Basi mgeni anapoketi mbele yako jiulize kimoyomoyo: huyu ni mtu wa maneno mengi au machache? Angeweza kuwa mwalimu? Ningemwachia duka kwa saa moja? Si lazima jibu liwe la kweli, na kwa hakika mara nyingi halitakuwa la kweli, hivyo usilitumie kumpima mtu. Faida yake ni kwamba swali lenyewe hulazimisha macho kutembea juu ya uso wote badala ya kugota kwenye kofia.

Pili, mpe nafasi aoneshe nyuso zake nyingi. Kwa bahati nzuri desturi zetu za kusalimiana zinatosha kwa kazi hii, mradi zisifupishwe. Anayeulizwa habari za safari, za nyumbani na za kazi atacheka mara moja, atageuka pembeni kuwatazama wenzake, atakunja uso akikumbuka vumbi la njiani, na katika dakika mbili utakuwa umepata picha kadhaa za mtu mmoja. Mhudumu anayesema "karibu" huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta hapati hata moja. Jaribio la Daniel Simons na Daniel Levin, lililochapishwa mwaka 1998, linaonyesha jinsi hali hiyo inavyoweza kufika mbali. Mtu alimsimamisha mpita njia kumwuliza njia, wabebaji wa mlango wakapita katikati yao, na muulizaji akabadilishwa na mtu mwingine nyuma ya mlango huo. Karibu nusu ya waliosimamishwa waliendelea kueleza njia bila kugundua kwamba walikuwa wakizungumza na mtu mpya.

Tatu, ziondoe nywele katika hesabu yako. Sura ngeni tunazikumbuka zaidi kwa pembezoni mwake, yaani nywele na mstari wa nje wa uso, na sura tuzijuazo tunazikumbuka zaidi kwa macho, pua na mdomo. Kwa mji ambao mwanamke huingia saluni Jumamosi akiwa na nywele fupi na kutoka na rasta hadi kiunoni, na ambao baridi ya Juni na Julai huwafunika wanaume wote kofia za sufu, kutegemea pembezoni ni kujitafutia aibu. Jizoeze kutazama kuanzia nyusi hadi kidevu, kisha masikio, ambayo watu wengi husahau kuyatazama ilhali hayabadiliki kwa mapambo.

Uchague pia alama kwa akili. Alama hukumbukwa pale tu inapokuwa adimu mahali ulipo. Madini ya floridi yaliyo katika maji ya sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro yamewapa watu wengi wa huku meno ya rangi ya kahawia, na mtu wa namna hiyo akiwa Mtwara atakumbukwa kwa meno yake. Lakini anayewaambia polisi wa Moshi au wa Arusha kwamba aliyemwibia alikuwa na meno ya kahawia amewaeleza habari ya nusu ya mtaa. Kwa hiyo usiandike akilini alama ambayo majirani zake wote wanayo.

Wageni kutoka mbali

Malalamiko ya waongozaji wapya kwamba Wazungu wote wanafanana si utani, wala si dharau. Kila kundi la watu huzitambua kwa urahisi zaidi sura za aina lilizokulia nazo. Roy Malpass na Jerome Kravitz walilionyesha hilo huko Marekani mwaka 1969, na tafiti nyingi zilizofuata zimeliunga mkono. Mgeni naye anahangaika vivyo hivyo kuwatofautisha wapagazi wako, na ni ustaarabu kumrahisishia kwa kujitambulisha tena bila kusubiri akosee.

Chanzo kimojawapo ni kwamba macho yetu yamezoea kutafuta tofauti mahali tofauti zilipo kwetu. Miongoni mwetu rangi ya macho na ya nywele haimtofautishi mtu na mwenzake, hivyo hatuzitazami. Kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya hizo ni miongoni mwa tofauti kubwa. Kwa hiyo mbele ya kundi la namna hiyo fanya makusudi kutazama rangi ya macho, rangi ya nyusi, madoa ya ngozi na mikunjo ya pembeni mwa macho. Ugumu huu hupungua kwa mazoea ya kweli, yaani ya kuzungumza na watu mmoja mmoja, na si kwa kupishana nao tu barabarani.

Mlimani yanazuka mambo mengine. Safari ya kuelekea kileleni huanza karibu na usiku wa manane kutoka kambi ya Barafu au ya Kibo, na wakati huo kila mtu amefunikwa hadi puani, taa ya kichwani inakupofusha unapomtazama, na makoti mengi yamekodiwa kwenye maduka yaleyale ya mjini. Uso hapo haupo. Mwongozaji makini huwa ameshajifunza, katika siku za kupanda taratibu, mwendo wa kila mgeni, namna anavyoshika fimbo, kikohozi chake na sauti yake, kwa sababu ni lazima ajue ni nani hasa aliyeanza kuyumba au kuropoka kwa sababu ya ugonjwa wa miinuko.

Jina, na mahali pa kuliweka

Sura hukumbukwa na jina likakataa kuja. Kinyume chake, kulikumbuka jina la mtu uliyemwona huku hujui chochote kingine kumhusu, karibu hakutokei. Andrew Young, Dennis Hay na Andrew Ellis waliwaomba watu 22 waandike kila kosa la utambuzi lililowapata katika maisha yao ya kawaida, na katika ripoti yao ya mwaka 1985 mpangilio huo ulijidhihirisha: kwanza huja hisia kwamba sura si ngeni, kisha huja kazi au mahali pa mtu huyo, na mwisho jina. Fuata mpangilio huo unapojifunza. Uliza kwanza anatoka wapi, amefikia wapi, anafanya nini, ndipo ushike jina.

Hapa kwetu ushauri huu una uzito wa pekee, kwani majina ya ukoo yamejaa mno. Kusema "nilihudumiwa na Massawe" au "mteja wangu alikuwa Mushi" hakumtengi mtu na halaiki. Lakini Mushi wa Kibosho mwenye duka la pembejeo Mbuyuni ni mmoja au wachache sana. Baada ya kulipata jina, litamke katika mazungumzo, kisha jipime mwenyewe bila kuuliza: baada ya dakika chache, baada ya saa moja, na tena usiku kabla ya kulala, ukizidisha nafasi kati ya jaribio na jaribio. Thomas Landauer na Robert Bjork walithibitisha mwaka 1978 kwamba kujipima kwa nafasi zinazopanuka hushikisha majina kuliko kuyarudia mfululizo.

Wapo watu ambao hata wakifuata yote haya hawatafanikiwa. Takriban watu wawili katika kila mia huzaliwa na udhaifu mkubwa wa kutambua sura, wengine wasiweze kumtambua hata mtoto wao katikati ya wanafunzi wenzake, na wengi wao hawajui kwamba wenzao huona tofauti. Mchagga asiyesalimia jirani yake stendi huitwa mwenye maringo kabla jua halijazama, na ni haki tukumbuke kwamba huenda hakumwona kabisa, ijapokuwa alimtazama usoni. Mtu wa namna hiyo asaidiwe kwa kutajiwa jina mapema: "Shikamoo mama, mimi Neema wa jirani." Na wapo pia, kwa upande wa pili, wachache wenye uwezo wa ajabu wa kukumbuka sura walizoziona mara moja miaka mingi iliyopita, polisi wa London wamewatumia kuchunguza picha za kamera. Ofisi yenye mtu wa aina hiyo imwekee kazi ya getini.

Sura na kitambulisho

Kulinganisha uso wa mtu na picha iliyo kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA) au hati ya kusafiria huonekana kuwa kazi rahisi, kwa kuwa vyote viwili viko mbele yako na hakuna kumbukumbu inayohitajika. Ni kazi ngumu. Richard Kemp na wenzake waliwajaribu makeshia wa duka kubwa jijini London kwa kadi zenye picha, wakachapisha matokeo mwaka 1997: zaidi ya nusu ya kadi zilizokuwa na picha ya mtu mwingine zilipokelewa. Mwaka 2014 David White na wenzake walichapisha jaribio lililowahusu maofisa wa pasipoti wa Australia, na kwa wastani uzoefu wa kazi haukuwafanya kuwa bora kuliko wanafunzi wa chuo kikuu. Tuseme wazi basi kwamba miaka ya kukaa dirishani peke yake haimfanyi mtu kuwa hodari wa sura.

Lililothibitika kusaidia ni haya. Linganisha sehemu kwa sehemu, bila haraka, ukianza na masikio, makovu na madoa; hapa, tofauti na katika kukumbuka, uchambuzi wa viungo una faida. Omba picha nyingine ya mtu huyo, kwani picha mbili au tatu za nyakati mbalimbali humweleza kuliko moja. Na kama kiasi cha fedha ni kikubwa, mwite mwenzako aamue peke yake kabla hujamwambia wewe umeamua nini, maana maamuzi ya watu wawili yakiunganishwa huwa sahihi zaidi kuliko ya mmoja.

Sauti

Sauti ngeni hukumbukwa vibaya kuliko sura ngeni, na husahaulika upesi zaidi. Frances McGehee wa Marekani, katika utafiti wake wa mwaka 1937, alikuta kwamba sauti iliyosikika mara moja ilitambuliwa kwa usahihi na asilimia 83 ya wasikilizaji baada ya siku moja, asilimia 69 baada ya wiki mbili, na asilimia 13 tu baada ya miezi mitano. Alichochewa na kesi iliyotikisa nchi yake: rubani Charles Lindbergh, ambaye mwanawe alitekwa na kuuawa mwaka 1932, alidai kuitambua sauti ya mtuhumiwa zaidi ya miaka miwili baada ya kusikia maneno machache yaliyopazwa usiku kutoka makaburini.

Unapotaka kuishika sauti, hitaji lako la kwanza ni urefu. "Shikamoo" peke yake haitoshi; inatakiwa sentensi kadhaa, zenye kupanda na kushuka, ndipo utambue kasi ya msemaji, mahali anapovuta pumzi, herufi anazozitamka kwa namna yake na maneno anayoyarudia. Lafudhi isikutoshe, kwa sababu ileile ya meno: lafudhi ya Kichaga ndani ya Moshi haimtambulishi yeyote. Pili, fahamu kwamba uso huiba usikivu. Mtu anayemsikiliza msemaji huku akimwona huikumbuka sauti yake kwa udhaifu kuliko aliyemsikiliza bila kumwona, kwa hiyo kama sauti ndiyo utakayoihitaji, inamisha macho kwa muda uandike jambo huku yeye akiendelea kusema. Tatu, zingatia lugha. Sauti inayosema lugha usiyoielewa ni ngumu kuikumbuka. Asiyejua Kirombo na akasikia watu watatu wakibishana kwa Kirombo asijiamini kwamba atawatenga baadaye.

Vilevile sauti ya mtu mmoja hubadilika kwa kiasi kikubwa kulingana na hali. Aliyekufokea gizani hatasikika vilevile akiulizwa maswali kwa upole mchana, na mnong'ono hufuta karibu kila kitu, kwa sababu nyuzi za sauti hazitetemi mtu anaponong'ona. Simu nayo, kwa mfumo wake wa kawaida, hupitisha sehemu tu ya sauti, takriban kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400, na kuacha besi na milio ya juu inayobeba upekee wa mtu.

Matapeli wa simu hawana haja ya kuigiza sauti ya mtu yeyote. Hupiga na kusema, "Mjomba, umenisahau mara hii?" na mpigiwa, akiona haya kuonekana mwenye kusahau, hutaja jina mwenyewe: "Ni Baraka wa Arusha?" Kuanzia hapo sauti yoyote itafanana na ya Baraka. Kanuni ni kutotaja jina kamwe. Uliza "Naongea na nani?" na unyamaze mpaka ajitaje, kisha uliza jambo ambalo Baraka halisi analijua na ambalo halimo kwenye mitandao, au kata simu umpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Siku hizi ambapo kompyuta huweza kutengeneza sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi cha maneno yake, kanuni hiyo inafaa hata pale unapoapa kwamba sauti ni yenyewe.

Unapoitwa kuwa shahidi

Katika soko la Mbuyuni hapa Moshi au la Kilombero kule Arusha, kidole kimoja na neno "mwizi" vinaweza kumuua mtu kabla polisi hawajafika. Kwa hiyo jiulize kwanza hali ilikuwaje ulipomwona. Mholanzi Willem Wagenaar na mwenzake walipendekeza mwaka 1996 mpaka ambao ni rahisi kuukumbuka: umbali usizidi mita 15, na mwanga usipungue luksi 15, ambao ni hafifu kuliko taa ya kawaida ya sebuleni lakini ni mwingi mno kuliko mbalamwezi. Ukiwa umetishiwa kwa panga, kuna uwezekano mkubwa kwamba macho yako yalikaa kwenye panga.

Jiulize pia kama sura hiyo hukuiona mahali pengine. Mwanasaikolojia wa Australia, Donald Thomson, alitambuliwa katika miaka ya 1970 na mwanamke aliyebakwa kuwa ndiye aliyemshambulia, ilhali saa ile alikuwa akizungumza moja kwa moja kwenye televisheni. Mwanamke huyo alikuwa akiitazama televisheni hiyo aliposhambuliwa. Picha ya mtuhumiwa inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp hufanya kazi ileile: ukishaitazama, hutaweza tena kutenga kumbukumbu ya tukio na kumbukumbu ya simu yako. Usiifungue kabla hujatoa maelezo.

Andika mapema, peke yako, kabla ya kuzungumza na mashahidi wenzako: mahali uliposimama, muda uliomwona, mwanga ulitoka wapi, alivaa nini, alisema nini kwa maneno yaleyale. Kama unamfahamu mtu huyo, mtaje palepale kwa wa kwanza utakayeweza kumweleza. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri lililoripotiwa mwaka 1980, iliuita ushahidi wa kumtambua mtu kwa kumwona kuwa wa aina dhaifu kabisa, ikataka yachunguzwe mambo kama muda, umbali, mwanga na kama shahidi alimjua mtuhumiwa kabla. Na katika mashauri mengine imeweka wazi kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema ni kipimo muhimu cha kuaminika kwa shahidi. Utambuzi wa sauti peke yake mahakama huutazama kwa tahadhari kubwa zaidi.

Kwenye gwaride la utambuzi, utaratibu uliowekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1936 unataka mtuhumiwa asimame kati ya watu wasiopungua wanane wanaokaribiana naye kwa umri, kimo na mwonekano, na shahidi aambiwe kwamba anayemtafuta huenda yupo au hayupo. Ichukulie kauli hiyo kwa uzito wake. Kishawishi kikubwa ni kumchagua anayefanana zaidi kuliko wenzake, hata kama siye. Ukijikuta unalinganisha mmoja na mwingine ili umpate aliye karibu, sema kwamba humwoni. Ukimtambua, eleza papo hapo una uhakika kiasi gani na uombe maneno yako yaandikwe kama ulivyoyasema, kabla askari yeyote hajakuambia kwamba umepatia, kwa maana Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha mwaka 1998 kwamba neno hilo moja la pongezi humfanya shahidi aliyekosea aamini kwamba alikuwa na uhakika tangu mwanzo, na hata kwamba alimwona mtu huyo vizuri kuliko alivyomwona.